Kihispania: "hayan llegado" inanitoa jasho, naombeni msaada

MtembeziWaKaole:
Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Natembeza wageni hapa Bagamoyo: Magofu ya Kaole, Caravan Serai, Boma la Wajerumani, halafu Misheni na makumbusho yake. Siku hizi napata wageni wanaoongea Kihispania na kuongea nao naongea, hawalali njaa. Hata subjuntivo ya kawaida, lile umbo la kitenzi la kutaka, kutumaini au kutilia shaka (quiero que vengan, nataka waje), imeshakaa kichwani. Kasheshe ni ile yenye "haya".

Wageni wakishavuka kwenda Zanzibar huwa nawaandikia WhatsApp. Nikitaka kusema "natumaini mmefika salama" nakwama: lleguen, han llegado, au hayan llegado? Kitabu nilichonacho kina jedwali tu, hakisemi lini itumike. Mwenye kuelewa anieleweshe kwa Kiswahili cha kawaida. Na je, ina ulazima?

Kapulya wa Dunda:
Nimeweka kigoda na kahawa yangu, wataalamu waje.

HabanaVieja:
Mkuu, mimi nilisoma Cuba. Jibu ni "Espero que hayan llegado bien".

Jiulize mambo mawili. Kwanza, maneno ya mwanzo yanadai subjuntivo? Espero que (natumaini), me alegro de que (nafurahi), dudo que (nina shaka), no creo que (siamini), qué pena que (inasikitisha), ojalá (laiti): yote yanadai. Pili, jambo lenyewe limeshatokea, au bado? Boti ingali gatini Dar, andika "espero que lleguen bien". Boti imeshafika Malindi, andika "espero que hayan llegado bien". Kwa Kiswahili ungesema mtafika na mmefika, basi ndiyo hiyo hiyo.

Hata jambo la mbele linaingia, mradi litakuwa limekwisha kabla ya jingine. "Ukishamaliza kula nipigie": cuando hayas terminado de comer, llámame.

Maumbo: haya, hayas, haya, hayamos, hayáis, hayan, halafu kitenzi chenye -ado au -ido. Hiyo hayáis ni ya wageni wa Hispania mliozoeana. Wa Mexico, Colombia au Argentina wape hayan, hawana habari na vosotros, ile "ninyi" ya Hispania.

BintiChumbageni:
Salamu kutoka Tanga. Kaka, kuna mtego: usidanganywe kwamba kila penye "que" unaweka subjuntivo. Creo que han llegado, haina. No creo que hayan llegado, inayo. Ukiamini, unasema kawaida. Ukikana au ukitilia shaka, inaingia.

Tena kwa kazi yako utakutana na hii: "Buscamos un guía que haya trabajado con niños", tunatafuta mtembezi aliyewahi kufanya kazi na watoto. Wanatafuta yeyote, hawajampata. Wakishampata ni "tenemos un guía que ha trabajado con niños". Ukisikia hiyo ya kwanza, changamka, kuna kazi hapo.

Mzee wa Makorora:
Mnamchosha kijana. Aandike "¿todo bien?" maisha yaendelee. Mgeni amekuja kuona bahari, hakuja kusahihisha insha.

BintiChumbageni:
Shikamoo mzee. Kwa salamu inatosha. Ila wageni wakikuta makumbusho yamefungwa, utawapoza na "todo bien"? Hapo ni "qué pena que no hayan podido entrar" (pole hamkuweza kuingia), angalau wajue umeguswa.

Mzee wa Makorora:
Marahaba. Haya, nimenyamaza.

MwalimuWaZamu:
HabanaVieja kaeleza vizuri, ila haya isitumike kila mahali. Kwa mambo ya kale yaliyokwisha kabisa, kwa masikio yangu inakaa vizuri zaidi subjuntivo ya wakati uliopita. Ukifika Misheni ukasimulia mwili wa Livingstone ulivyoletwa na watumishi wake Chuma na Susi mwaka 1874, sema "es increíble que Chuma y Susi lo trajeran a pie". Kwa jambo la jana utasikia zote mbili, no creo que viniera na no creo que haya venido (siamini kwamba alikuja), usigombane na mtu. Na kitenzi cha mwanzo kikiwa cha wakati uliopita, haya inageuka hubiera: esperaba que hubieran llegado.

Vile vitenzi visivyofuata kanuni ya -ado na -ido meza tu: hecho, dicho, visto, escrito, puesto, abierto, vuelto, roto, muerto. Na baada ya haber (kitenzi kinachozaa haya) havibadiliki. Hata wageni wote wakiwa akina mama ni "hayan visto", siyo vistas.

Sasa sentensi ambayo wewe utaitumia kila siku: "Espero que les haya gustado la visita" (natumaini mmeipenda ziara). Angalia, kinachoitawala haya ni kile kilichopendwa, siyo wageni. Ziara ni moja, kwa hiyo haya, hata kama wageni wamejaa basi zima. Ukitaja magofu, las ruinas, ni mengi: "espero que les hayan gustado las ruinas", na hayan inabaki hata ukimwandikia mtu mmoja, ila les inakuwa le. Na "les" inatangulia haya, haikai katikati wala mwishoni.

MtembeziWaKaole:
Aisee, mbarikiwe. Sikujua kabisa hiyo ya gustar (kupendeza). Nimetunga hizi, nikagulieni kabla sijatuma:
1. Espero que les haya gustado las tumbas de Kaole.
2. Me alegro de que hayan venido en familia.
3. Cuando habrán llegado al hotel, escríbanme.

HabanaVieja:
1. Tumbas ni mengi: hayan gustado.
2. Safi, usiiguse.
3. Baada ya cuando ya mambo yajayo hatuweki habrán. "Cuando hayan llegado", au kwa ufupi "cuando lleguen", ndivyo wengi wanavyosema.

MwalimuWaZamu:
Ukimsikia mgeni anasema "haiga" badala ya haya, usishangae, mitaani ipo. Ila wewe usiiandike.