Ushauri: kaya 40 tunataka kukusanya mabaki ya chakula tutengeneze mboji, tuanzie wapi?

Katibu_Ndoo: Wakuu, heshima kwenu. Majirani kaya 40 tumekubaliana mabaki ya jikoni yasiende tena na taka nyingine. Tumepewa kipande cha ardhi nyuma ya bustani. Tukajaribu na kaya 6, wiki moja tukapata kilo 19. Wiki ya pili lundo linatoa maji meusi, linanuka mayai viza, funza wamejaa chini ya mfuniko. Jirani kaja ameziba pua. Sasa nusu ya kamati wanataka tununue ndoo za kaya zote, nusu wanasema tuache kabisa. Tufanyeje?

JembeButu: Pole mkuu. Msinunue ndoo hata moja. Makavu mnayatoa wapi? Nasema majani makavu, maranda, maboksi yaliyochanwachanwa.

Katibu_Ndoo: Tuliweka majani makavu, kama ndoo moja hivi.

JembeButu: Ndoo moja! Kilo 19 ni karibu ndoo mbili za lita 20. Kila ndoo ya mabaki inataka ndoo mbili hadi tatu za makavu. Kwa hiyo mlihitaji nne hadi sita. Sasa piga hesabu ya kaya 40: kama kilo 125 kwa wiki, yaani lita 250, zinadai lita 500 hadi 750 za makavu kila wiki, mwaka mzima. Mabaki hayatawasumbua kuyapata, watu wanayatupa bure. Miradi mingi hufia kwenye makavu. Jazeni kwanza banda la makavu, ndipo mfungue mlango kwa kaya nyingine.

Mama_Biwi: Naongezea. Ile harufu ya mayai viza maana yake hewa haipiti. Ingekuwa kali ya kuwasha pua kama mkojo, basi mabichi yamezidi. Chukua konzi ya lundo uikamue: likitoka tone moja mawili, sawa. Likitiririka, ongeza makavu na ugeuze. Halafu kilo 19 haziwezi kupata moto. Lundo linataka walau mita moja kila upande. Lichomeke ufito wa chuma katikati, uuache kidogo, uuchomoe. Ukishindwa kuushika, kazi inaendelea. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 55 kwa siku tatu mfululizo, kisha ageuze ili ya nje nayo yaingie ndani.

Nzi_Mtoro: Funza msiwalaumu nyie, walianzia jikoni. Kwenye joto yai la nzi linaanguliwa ndani ya siku moja. Kusanyeni mara mbili kwa wiki, kila kaya inyunyize maranda juu ya mabaki, na yakifika yafukiwe siku hiyo hiyo. Nyama, maziwa na chakula cha mafuta kataeni kwa sasa, panya hawahitaji kadi ya mwaliko. Na vijiko! Mimi nilishachekecha mboji nikatoa vijiko saba vya chai.

JembeButu: 😂 Vyetu vilikuwa visu vya kumenyea.

Mkaguzi: Mimi swali langu ni moja: nani anageuza? Siku ya kwanza mtajaa, mwezi wa pili atabaki katibu na koleo lake. Wekeni zamu yenye majina, watu wawili wawili, kabla ya lolote.

Katibu_Ndoo: Mkaguzi umenigusa, koleo lenyewe ni langu. Nimeongea na seremala, atatupa maranda bure kila Ijumaa.

Mama_Biwi: Muulize kama ni ya mbao zilizotiwa dawa au rangi. Hizo usichukue, hata akikuletea mlangoni.

Katibu_Ndoo: Sikuuliza. Kesho asubuhi napita kwake. Lundo la sasa je, nilimwage?

Mama_Biwi: Usimwage. Lipasue, changanya na makavu ndoo tano, juu funika kwa majani unene wa kiganja. Baada ya siku tatu rudi hapa utuambie linanuka nini.