Ushauri: rais wangu wa kubuni kakwama, kura 30 kwa 30

Mla_Kiburu: Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, Majengo. Naandika hadithi, mwaka wa pili huu, mke wangu ameshaacha kuuliza inaisha lini. Mnajua 1960 Wachagga walipiga kura, enzi ya Mangi Mkuu Thomas Marealle ikaisha, Solomon Eliufoo akawa Rais wa Wachagga. Kwenye hadithi yangu historia inapinda hapo: Kilimanjaro inakuwa nchi kamili, na rais anachaguliwa na wajumbe 60 wa baraza. Wagombea wawili, wa Hai na wa Rombo. Wamefungana. Nilitaka spika apige kura ya uamuzi, lakini naona kama nakwepa kazi. Mnanishaurije?

Dogo wa Sakina: Warudie kura. Italia 1971 walirudia mara 23 ndipo wakampata Giovanni Leone.

Mla_Kiburu: Mara 23 msomaji kalala, mkuu.

Dogo wa Sakina: Nani kakwambia usimulie zote? Ya kwanza, halafu ile ambayo wajumbe wameanza kunuka jasho, basi.

Mzee wa Kiboriloni: Kijana, huko ukumbini hakuna hadithi. Tazama Lebanon. Rais anachaguliwa na wabunge 128, na akidi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuwepo, ni thuluthi mbili. Wasiotaka matokeo wanatoka nje, kikao kinavunjika. Kiti cha rais kilikaa wazi toka mwisho wa Oktoba 2022 mpaka 9 Januari 2025. Mjumbe wako asipige kura. Atoke.

Mla_Kiburu: Shikamoo mzee. Atoke kwa sababu gani sasa?

Kahawa Chungu: Kanunuliwa, kwani nini kingine? Marekani uchaguzi wa 1824 hakuna mgombea aliyefikisha kura 131 za wajumbe wa uchaguzi zilizotakiwa, ukaenda bungeni. Jackson alikuwa anaongoza kwa 99 dhidi ya 84 za Adams. Clay, spika wa bunge, akamuunga mkono Adams, Adams akapita, Clay akapewa wizara ya mambo ya nje. Fanya hivyo hivyo.

Mama Kibosho: Wizara? Mlimani? Mtu wa kule unampata kwa mfereji. Mwambie maji yatageuzwa yapite kihambani, shamba la nyumbani kwao, uone kama hatoki. Halafu nikuulize mwanangu, wajumbe 60 na hakuna mwanamke? Anayejua mfereji umekauka tangu lini ni mke wa huyo mjumbe, maana ndiye anayeshuka korongoni na ndoo.

Mla_Kiburu: Dah, mama. Spika namfuta usiku huu. Mke anakuja barazani na ndoo tupu, anakaa nje tu, hasemi kitu.

Kahawa Chungu: Na mbege, pombe ya ndizi, iwepo, jamani.

Mzee wa Kiboriloni: Ngoja kwanza. Akitoka mmoja wanabaki 59, 30 kwa 29, mgombea wa upande wa pili kashinda papo hapo. Akidi umeweka ngapi?

Mla_Kiburu: Sijaweka, mzee.

Mzee wa Kiboriloni: Basi hiyo ndoo iache nje kwanza, kaandike katiba.