Historia fupi ya babu: pool niiandike au niiache?

Mjukuu wa Kihambani

Wakuu, habari za jioni. Nina shida na muda ni mdogo, mazishi ni Jumamosi.

Babu yangu amefariki juzi akiwa na miaka 88. Tunamzika huku Machame, kihambani kwake. Kikao cha ukoo kimenipa kazi ya kuandika historia fupi ya marehemu, eti kwa sababu mimi ndiye mwenye kompyuta. Ukurasa mmoja, mchungaji hataki hotuba mbili. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akajaliwa watoto saba, ameacha wajukuu na vitukuu. Hapo sina tabu. Tabu ni kwamba babu ninayemjua mimi hayumo humo.

Alipiga gita la rithim kwenye bendi za dansi, Moshi na Arusha, tangu miaka ya 60. Gita lenyewe halikuwa lake. Enzi hizo vyombo ni vya mwenye bendi. Mkikosana leo, kesho unaondoka na vidole vyako tu. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulipofungwa, safari za kupiga Taveta na Voi zikafa, na bendi yao haikumaliza mwaka. Akarudi kwenye kahawa na migomba.

Lakini mchezo wa mezani, biliadi na baadaye pool, hakuuacha. Kabla ya Uhuru, akiwa kijana, alifanya kazi kwenye klabu moja ya Wazungu: anaandika pointi ubaoni, anapiga brashi kitambaa cha meza ya biliadi, ile kubwa ya futi 12. Kucheza ilikuwa marufuku. Wakishaondoka, anawasha taa moja, anacheza peke yake. Alisema alijifunza kupiga polepole kwa sababu mipira ikigongana kwa nguvu mlinzi anasikia. Basi mpaka uzee wake hakuwahi kupiga kwa nguvu. Vijana wanapiga mpira unaruka mpaka sakafuni, yeye anausukuma kama anamlaza mtoto.

Meza za pool za kutumbukiza sarafu zilipoingia mabaa, akahamia huko. Jumanne na Ijumaa anapanda Hiace kushuka mjini, fimbo yake ndani ya kipande cha bomba la maji. Koti analo moja. La pool ndilo la kanisani, na chaki inakaa mfuko wa kulia pamoja na kitabu cha nyimbo. Kitabu kile kingo zote ni bluu. Hata sadaka yake ilikuwa inatoka na ubluu, wahesabu sadaka walikuwa wanaijua noti ya babu bila kuuliza.

Sasa shangazi zangu wamesema pool isitajwe, ni mambo ya baa na kamari. Muziki wamekubali, ila niandike "alipenda uimbaji". Babu hakuimba hata siku moja!

Nifanyeje? Nawasilisha.

Dansi la Zamani

Pole sana mkuu. Hilo la uimbaji likatae kabisa. Mpiga solo anashangiliwa, mpiga rithim anarudia kipande kilekile mpaka watu wachoke kucheza, na akikosea ndipo ukumbi unagundua kumbe yupo. Mwandike kwa jina la kazi yake.

Mimi nimekulia Kaloleni, Arusha. Kina Wilson Peter na nduguye George walipiga hapa mwanzoni mwa miaka ya 70 kama Arusha Jazz, kisha wakavuka Mombasa wakawa Simba Wanyika. Waliovuka tunawakumbuka kwa santuri. Waliobaki kama babu yako, mara nyingi alama yao ni hiyo karatasi yako. Wazee wenzake watakuja msibani. Washike hapo hapo, waulize bendi zote na miaka.

Bi Mkubwa wa Pasua

Pole mwanangu. Mimi nitasema tofauti. Shangazi zako wasikilize kwanza. Wewe umemjua babu mzee, wao wamemjua baba kijana. Kwetu kuna ada ya shule iliishia mezani na mama yetu hakuwahi kuicheka stori hiyo. Mtafute shangazi mkubwa mkiwa wawili tu, na usiende na kalamu.

Kijana wa Njoro

Daah, mzee wa bomba amefariki?? Nimecheza naye miaka sita!

Nieleze kitu. Kwenye hizi meza zetu za sarafu mpira mweupe ni mdogo kidogo kuliko mingine, ndivyo mashine inavyoutenga na kuurudisha. Kwa hiyo ni mwepesi: kuurudisha nyuma ni rahisi, kuusukuma mbele baada ya kugonga unakosa nguvu. Mzee siku ya kwanza aliupima kiganjani, akasema "huyu kapunjwa", akaomba chaki, akatufunga watatu mfululizo. Dau lake soda moja. Ukimwekea elfu tano mezani anafunga fimbo anaondoka. Tulidhani ni ulokole.

Tunakuja Jumamosi, tumekodi kosta.

Mjukuu wa Kihambani

Bi Mkubwa, nimefuata ushauri. Nimemkuta shangazi jikoni anamenya ndizi za mtori, nikachukua kisu nikamenya naye. Kimya kirefu. Kisha akaniambia mwaka 1974 ng'ombe wao wa maziwa alitoka zizini usiku, watoto wakaambiwa ameugua. Alikuwa ameliwa kwenye kamari ya biliadi. Shangazi alikuwa darasa la sita na ndiye aliyekuwa akimkatia majani asubuhi kabla ya shule. Jina la ng'ombe bado analikumbuka.

Kijana wa Njoro, nadhani umepata jibu la soda.

Mjukuu wa Kihambani

MREJESHO: Tumeshazika, asanteni kwa kunifariji. Niliandika "mpiga gita la rithim", bendi tatu na miaka yake (wazee wawili walibishana kuhusu moja, nikamfuata mwenye kumbukumbu ya nauli). Kuhusu pool tulikubaliana na shangazi: "marehemu alikuwa mpenda michezo". Basi.

Mchungaji alipofika hapo, wale wa kosta nyuma ya turubai wakaangua kicheko. Akainua macho, akauliza, "Mchezo gani?" Watu kimya. Shangazi mkubwa akajibu bila kusimama:

"Pool, mchungaji. Na ng'ombe wangu aliingia humo humo."

Turubai zima likacheka, yeye wa kwanza, halafu akalia vibaya sana mpaka wakamtoa nje.

Koti tumemzika nalo. Fimbo ipo kwangu. Kijana wa Njoro, njoo uichukue mapema, watoto wameshaanza kuangulia maparachichi.