Naomba ushauri: muuzaji wa timeshare katuahidi nafuu ya kodi

Habari zenu wakuu. Juzi hapa Orlando, Florida, mimi na mume wangu tulisaini mkataba wa timeshare, yaani kununua haki ya kutumia nyumba ya likizo kwa muda fulani kila mwaka. Muuzaji alituhakikishia kwamba tukihudhuria kikao cha wamiliki kila tukija likizo, nauli na ada ya matunzo ya mwaka tutazikata kwenye kodi ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) kama gharama za biashara. Biashara hatuna, sote tumeajiriwa. Nimepekua mkataba, ahadi hiyo haimo, tena kuna kifungu kinachosema maneno ya mdomo hayahesabiki. Nikimpigia anazunguka tu. Roho inaniuma, hiyo ni akiba ya watoto.

Sheria ya Florida inatoa siku 10 za kughairi, bado hazijaisha. Barua niitumeje wasije wakaikana? Na je, kuna mwajiriwa aliyewahi kukubaliwa makato hayo?