Mtikisiko baada ya propela kufunguliwa na kufungwa tena: tuanzie wapi?

Mwenye swali:
Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Ndege yetu ina injini ya silinda nne na propela ya chuma yenye mapanga mawili yasiyobadilika pembe. Mwezi uliopita propela ilifunguliwa ili sili ya mbele ya shafti ya injini, iliyokuwa ikivuja oili, ibadilishwe. Tangu ilipofungwa tena kuna mtikisiko ambao haukuwapo: unaanza kwenye mizunguko 2,200 hivi kwa dakika, unakolea kwenye 2,400, na unasikika zaidi kwenye pedali kuliko kwenye kiti. Nilipojaribu magneto (vifaa viwili vinavyozipa plagi umeme wa cheche), moja ilishusha mizunguko 80 na nyingine 90, na injini haikuchechemea. Je, twende moja kwa moja kwenye kusawazisha propela kwa mashine?

Fundi wa zamu:
Hapana, msisawazishe kwanza. Kilichoguswa mwisho ndicho cha kutazamwa mwanzo. Propela na shafti kila kimoja kina kasoro yake ndogo ya uzito. Kasoro hizo zikiangukia upande mmoja zinajumlishana, zikielekeana zinapunguzana. Muulize aliyeifungua kama aliweka alama kabla ya kuitoa. Kama hakuweka, someni kitabu cha injini na cha propela kuhusu mkao unaotakiwa, na ikiwa vinaruhusu, fundi mwenye leseni aigeuze nusu mzunguko, akaze bolti kwa kipimo kilichoandikwa, kisha mjaribu tena.

Kabla ya hapo pimeni njia ya ncha za mapanga. Toeni plagi moja katika kila silinda ili shafti izunguke kwa wepesi, wekeni kizuizi cha magurudumu, simamisheni kibao karibu na ncha ya panga moja, chora alama, kisha leteni panga la pili mahali pale pale. Kwa propela ya chuma ya ukubwa wa kawaida tofauti isizidi milimita 1.6, ya mbao huruhusiwa kufika 3.2. Ikizidi, huenda kuna uchafu kati ya propela na flanji (sahani ya shafti inayofungiwa propela), au panga limepinda, au flanji yenyewe, jambo ambalo si dogo hata kidogo. Na tafadhali, ihesabuni propela kuwa hai siku zote, kwa maana waya wa kuzima magneto ukikatika, swichi inaweza kusoma “zima” huku magneto bado inatoa cheche.

Rubani wa jioni:
Nakubaliana na fundi, ila jaribio la magneto halimalizi maneno, kwa sababu plagi zote zinaweza kuwaka vizuri ilhali vali ya silinda moja inavuja. Silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa hiyo kwenye 2,400 propela isiyo sawa hutikisa mara 40 kwa sekunde, na silinda dhaifu mara 20, mtikisiko mzito zaidi, kama wa mtu anayechechemea. Pimeni mgandamizo wa silinda zote, gharama yake ni ndogo.

Fundi wa zamu:
Nimesahau mipira inayoshikilia injini. Oili iliyovuja huilainisha, injini ikainama, na kofia ya propela ikaonekana imeshuka ikilinganishwa na kava. Mashine ya kusawazisha ije mwisho: ikisoma kasi ya mtikisiko ya zaidi ya inchi 1.0 kwa sekunde, tafuteni ugonjwa badala ya kuongeza vizito. Chini ya 0.07 ni safi sana. Mtikisiko ukizuka ghafla angani, punguzeni nguvu mara moja na mtue mahali pa karibu palipo salama, maana huenda kipande cha panga kimekatika.

Mwenye swali:
Nashukuru. Alama haikuwekwa. Ncha zilitofautiana kwa milimita 0.8, mgandamizo ni mzuri kote. Kwa kuwa vitabu vyote viwili vinaruhusu, fundi wetu aliigeuza propela nusu mzunguko na mtikisiko umepungua sana, ingawa kwenye 2,400 bado upo kidogo. Mpira mmoja wa chini umelainika kwa oili. Tunabadilisha yote minne kabla ya kupima kwa mashine.