Tabaka moja la michoro juu ya Vulkan na OpenGL ES: nifuate umbo lipi?

Mwana_Uyole (Mbeya)

Wakuu, habari za leo. Naandika kwa C tabaka jembamba la michoro, ili programu iite kazi zilezile iwe iko juu ya Vulkan au OpenGL ES 3.0 (mifumo miwili ya kuiamuru kadi ya michoro, yaani GPU). Lengo ni ramani ya milima ya huku kwetu, kuanzia Loleza hadi Rungwe, ifunguke hata kwenye simu za bei ya chini. Miinuko ni ya SRTM (vipimo vya miinuko ya ardhi vilivyochukuliwa kwa rada toka angani), faili S09E033 na S10E033 za 3601 kwa 3601, namba moja baiti 2. Kila faili nimeikata vipande 64 vya 451 kwa 451, kingo zikichangiwa.

Tabaka lifuate umbo la OpenGL, ambako hali inabadilishwa popote, au la Vulkan? Halafu kuna hili: kwenye Vulkan mlima unatoka sawa, ila kwenye GL (OpenGL ES) kipande kilekile kinalala upande kama kimevutwa.

Fundi_Kihesa (Iringa)

Mkuu, la kulala upande linajibu na lile la kwanza. 451 mara 2 ni baiti 902. GL isipoambiwa kitu inachukulia kila mstari unaanzia kwenye kigawe cha 4, yaani inahesabu 904. Baiti 2 zilizozidi ni pikseli moja, basi kila mstari unateleza pikseli moja kuliko wa kabla yake, na hadi mwisho picha imezunguka karibu upana wote. Tena inasoma baiti 900 nje ya data yako. Kuna simu itavumilia, kuna simu itafunga programu. Kabla ya kupandisha tekscha (picha inayopelekwa kwenye GPU, hapa ni kipande cha miinuko) weka `glPixelStorei(GL_UNPACK_ALIGNMENT, 2)`.

Ila usiishie kuziba hapo. Kazi ya kupandisha kwenye tabaka lako ipokee urefu wa mstari kwa baiti, utajwe wazi na anayeita. Ukiongeza Direct3D 12 (ya Windows) kesho, yenyewe inataka kigawe cha 256, na 902 inakuwa 1024. Kupanga upya ni kazi ya bakendi, yaani sehemu ya tabaka inayozungumza na mfumo mmoja.

Kwa hiyo fuata Vulkan. Sheda (programu ndogo zinazoendeshwa na GPU), mpangilio wa vertisi (pembe za maumbo), uchanganyaji wa rangi na kipimo cha kina (umbali wa kila pikseli kutoka kwa mtazamaji) vifungwe kwenye paipulaini moja, itengenezwe wakati wa kupakia. Bakendi ya GL italinganisha na paipulaini iliyopita na kuita kilichobadilika tu. Ukifuata GL, bakendi ya Vulkan italazimika kujenga paipulaini katikati ya fremu, na picha itakwama kila mchanganyiko mpya unapojitokeza.

Binti_Tukuyu (Rungwe)

Kaka, naunga mkono. Pasi za uchoraji (awamu za kuchora ndani ya fremu) nazo zitaje mwanzo na mwisho wake: rangi ifutwe, kina kifutwe, na mwisho kina kitupwe. GPU nyingi za simu huchora kigae kwa kigae ndani ya memori yake ndogo. Usiposema kina kitupwe, kinaandikwa kwenye RAM bure. Kioo cha 720 kwa 1600, baiti 4 kwa pikseli, fremu 60, ni karibu megabaiti 276 kila sekunde, na simu inachemka. Kwenye Vulkan ni `storeOp` ya DONT_CARE, kwenye ES 3.0 ni `glInvalidateFramebuffer` kabla ya kuachia fremubafa (memori inayochorwa).

Angalia na aina ya tekscha. R16F (desimali ya biti 16) inavutia kwa sababu kadi inailainisha yenyewe, lakini juu ya mita 2,048 inahesabu kwa hatua za mita 2. Kitulo yote iko juu ya hapo na ni tambarare, itatoka na ngazi ambazo hazipo. Tumia R16I (namba kamili ya biti 16), soma pikseli 4 kwa `texelFetch`, changanya mwenyewe kwenye sheda. Andika `precision highp isampler2D`, la sivyo sheda haipiti kwenye ES. Na kumbuka faili za SRTM zinatanguliza baiti kubwa: mita 1,700 usipoigeuza inasomeka -23546. Penye -32768 hakuna data, pazibe kabla ya kukata vipande.

Makambako_C (Njombe)

Niongeze la kufuta vitu, maana hapo ndipo Vulkan inaumiza waliozoea GL. Draiva ya GL inasubiri yenyewe hadi kadi imalize na tekscha. Vulkan haisubiri. Usimpe mtumiaji pointa, mpe namba ya biti 32: 16 za nafasi kwenye jedwali, 16 za kizazi (nafasi hiyo imetumika mara ya ngapi). Akiita kufuta, ongeza kizazi papo hapo ili namba ya zamani ikataliwe, na kitu chenyewe kiingie kwenye foleni pamoja na namba ya fremu. Kiharibu pale tu fensi ya fremu hiyo (ishara kwamba kadi imeimaliza) inapokuwa imefunguka.

Matriksi za kila kipande ziweke kwenye bafa moja kubwa kwa kila fremu, ukiruka baiti 256 kati ya moja na nyingine. Vulkan hairuhusu kadi idai zaidi ya hapo, na vipande 64 vya faili moja vinakula KB 16 tu.

Vizuizi vya memori (amri za kusubiri uandishi uishe kabla ya kusoma) usiviweke kwenye kiolesura. Pasi zikishataja zinachosoma na zinachoandika, bakendi inavijua yenyewe. Washa tabaka la ukaguzi la Vulkan (linalonasa makosa ya kuitumia) tangu siku ya kwanza, na onyo lolote lisimamishe programu.