Kiwanja Mwandiga au nyumba ya zamani Ujiji? Wenyeji wa Kigoma nisaidieni

Mtoto_wa_Reli
Wakuu, habari za jioni. Nimepanga Mwanga mwaka wa nne huu, kazi yangu iko mjini jirani na stesheni. Mama watoto kachoka na kelele za baa, mimi nimechoka na kodi ya miezi sita sita. Nimedunduliza milioni 12. Nimeoneshwa kiwanja Mwandiga, upande wa barabara ya Manyovu, mita 20 kwa 25, dalali anasema kimepimwa. Migomba tu na kimya. Nimeoneshwa pia nyumba Ujiji, ya tofali mbichi, vyumba vinne, mwembe mkubwa uani. Bei zinakaribiana. Mngekuwa nyie?

Bibi_Mawese
Asalaam aleikum mwanangu. Ujiji. Ukifiwa saa nane za usiku, nyumba inajaa watu hata viatu hujavaa. Huko Mwandiga utalia na migomba yako.

Konda_Mstaafu
Mwandiga kwa usafiri wa asubuhi haina neno. Pale ni njia panda, gari za Kasulu na za Manyovu zote zinapita, hukosi ya kukusogeza mjini. Shida ni kurudi. Ukichelewa kazini unabaki na bodaboda, na bodaboda wa usiku anajua kabisa kwamba huna pa kwenda. Piga hesabu ya mwezi mzima, usipige ya siku moja.

Kigingi
Nimeshika kamba za kupimia miaka mingi, naomba nichangie.

Kwanza Mwandiga. "Kimepimwa" ni neno tamu sana mdomoni mwa dalali. Kuvuta futi na kuchomeka vijiti siyo kupima. Kilichopimwa kina ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, kina kitalu na namba yake, na mawe ya mipaka yanaonekana. Chukua namba hiyo nenda nayo ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Usiende Manispaa ya Kigoma/Ujiji, Mwandiga haiko kwao, utapoteza siku nzima kwenye benchi.

Ujiji ndiko kwenye kazi. Swali langu ni moja: anayeuza ni nani? Kama mwenye nyumba yu hai na ana mke, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe. Mama aje mwenyewe, asaini mbele yako. Kama mwenye nyumba alishafariki, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa kuwa mkubwa hakumpi nyumba.

Mwana_wa_Ziwa
Nyumba iko Ujiji ipi? Huku juu kwenye lami au kule chini kwa wavuvi? Ziwa lilipopanda 2020 na 2021, godoro la mama yangu tulilitoa kwa mtumbwi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ila maji yakirudi nyuma, dalali naye hurudi. Na kama ni upande wa mto Luiche, tazama mpunga ulipo. Mpunga haudanganyi.

Mtoto_wa_Reli
Iko juu, karibu na lami. Muuzaji ni kijana, baba yake alifariki. Anasema nduguze wamemruhusu kwa simu. Halafu yule wa Mwandiga ananikimbiza, eti reli mpya ya SGR ikifika bei itaruka.

Kigingi
Kwa simu!

Mkataba wa SGR Tabora–Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, hiyo ni kweli. Muulize sasa dalali wako stesheni inajengwa wapi, na kiwanja chake kiko umbali gani kutoka hapo. Akianza kukuonesha kwa kidole, ondoka.

Bibi_Mawese
Hapo kwenye simu hata mimi narudi nyuma. Nyumba ya marehemu mume wangu ilikaa miaka mitatu bila kuuzika kwa ajili ya shemeji mmoja tu aliyekuwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Tulikuwa tumeshasahau hata sura yake. Siku mnunuzi katoa pesa, akakumbuka kwao! Ujiji bado naisifia, ila kijana huyo aende mahakamani kwanza. Na wewe kapapase kuta kwa chini, tofali mbichi huanza kuliwa miguuni.

Mtoto_wa_Reli
Basi ya Ujiji naiweka pembeni mpaka alete karatasi. Jumamosi naenda Mwandiga, ingawa mvua haijakatika tangu juzi.

Konda_Mstaafu
Ndiyo siku yenyewe hiyo, utaona korongo linapita wapi. Nenda bila dalali. Shuka njia panda, nunua ndizi, muulize huyo mama anayekuuzia, maji wanachota wapi mwezi wa tisa.